Boi Asiyekua: Historia Fupi ya Neno la Kiingereza

Katika makala haya nakusudia kufuatilia neno moja tu la Kiingereza, "boy", ambalo kila aliyepita shule ya msingi analijua, au anadhani analijua. Maana yake mvulana, basi, tukafunga daftari. Hakuna aliyetuambia darasani kwamba neno hilo hilo ndilo "boi" wa Kiswahili, ambaye anaweza kuwa na ndevu, mke na wajukuu. Tumelisoma mara mbili kama maneno mawili, moja kwa Mwalimu wa Kiingereza na moja mtaani, na wengi wetu tumefika chuo kikuu bila kuyakutanisha.

Nimelichagua kwa sababu katika semina zetu za fasihi ya Afrika neno hili hutajwa kila riwaya ya Ferdinand Oyono inapofikiwa, na mjadala huishia kwenye kauli kwamba ukoloni ulimdhalilisha Mwafrika. Kauli hiyo ni kweli, lakini haielezi kitu. Ulimdhalilishaje kwa herufi tatu? Neno lenyewe lilifanya kazi gani mdomoni mwa aliyelitamka, na kwa nini sisi tuliolipokea tukachukua maana moja tukaiacha nyingine huko huko kwao? Hayo ndiyo maswali ya mhakiki. Mengine tuwaachie wanasiasa.

Tuanze na Waingereza wenyewe. Neno "boy" linajitokeza katika maandishi yao mnamo karne ya 13, na kufikia mwaka 1300 au karibu na hapo tunalikuta likiwa na maana ya mtumishi wa chini, mtu asiye na asili, na hata mhuni. Maana ya mtoto wa kiume, ile tuliyofundishwa kuwa ndiyo maana yenyewe, ilikuja kujiimarisha baadaye. Kabla ya hapo mtoto wa kiume alikuwa na jina lake jingine kabisa, "knave", na Chaucer katika karne ya 14 bado analitumia hivyo. Neno "girl" nalo wakati huo lilikuwa mtoto tu, awe wa kike au wa kiume. Kwa hiyo mpangilio wa leo, "boy" huku na "girl" kule, ambao tunauona kama wa maumbile, ni matokeo ya maneno kusukumana kwa karne kadhaa.

Na yalisukumana kweli kweli. "Knave" alianza kama mvulana, akawa mtumishi, akaishia kuwa laghai, na leo amebaki kwenye karata tu. Ndugu yake "knight" alianza vile vile, mvulana na mtumishi, lakini yeye akabahatika: akapanda farasi, akawa mwungwana wa kuitwa "Sir". "Boy" akapita katikati yao akitokea chini. Alianza mtumishi, akapewa nafasi ya mvulana iliyoachwa wazi na "knave", lakini utumishi wake hakuuacha. Aliuweka mfukoni.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Waingereza na lugha yao isiyonyooka. Si kweli. Kilatini kilikuwa na "puer", mvulana na pia mtumwa. Kigiriki kilikuwa na "pais", mtoto na pia mtumwa, ndiyo maana wafasiri wa Injili ya Mathayo sura ya 8 wanapofika kwa yule akida wa Kirumi aliyekuwa na mgonjwa nyumbani hulazimika kuamua huyo mgonjwa ni nani kwake. Biblia yetu ya Kiswahili iliamua ni mtumishi. Mfaransa naye humwita mhudumu wa hotelini kwa neno lile lile la mvulana. Na kama kuna msomaji anayecheza karata, amtazame ghulamu. Neno hilo limetoka Kiarabu, ambako lina maana ya mvulana, na lina maana ya mtumwa. Kwenye seti ya karata za Kiingereza nafasi yake ni ya "knave". Lugha mbili zisizo na undugu zimemkalisha mtu yule yule kwenye karata ile ile, chini ya mfalme na malkia. Mimi jambo hilo lilinishangaza kuliko lolote nililolisoma muhula huu.

Asili ya "boy" yenyewe haijakubaliwa na wataalamu. Wengine huliunganisha na majina ya watu ya Kijerumani cha kale, wengine na neno la Kiholanzi la mhuni. Lakini kuna rai moja inayovutia sana, kwamba limepitia Kifaransa cha kale kutoka neno la Kilatini "boia", yaani pingu au kola ya shingoni waliyofungwa watumwa na wahalifu. Ingekuwa raha sana kuishika rai hii, hasa kwa sisi tunaotoka nchi ambako jirani zetu wa Kenya walivalishwa kipande kwenye kikopo cha bati shingoni. Picha inakamilika yenyewe! Lakini ndiyo hatari yake. Neno halihitaji pingu kwenye asili yake ili liwe pingu kwenye matumizi yake, na mhakiki anayejenga hoja juu ya asili ya neno peke yake anajenga juu ya mchanga.

Afadhali tutazame matumizi, na hapo Shakespeare anatusaidia. Katika tamthilia ya Coriolanus, iliyoandikwa mnamo mwaka 1608, jemadari wa Kirumi aliyefukuzwa kwao anajiunga na maadui, anaizingira Roma, kisha mama yake anamlilia naye anaghairi. Anaporudi kwa wale maadui, kiongozi wao Aufidius anamwita msaliti. Hilo Coriolanus analisikia akakasirika. Kisha anamwita "boy". Hapo sasa anapasuka. Anamrudishia kwa kumwita mtumwa, analirudia lile neno tena na tena kama mtu aliyemeza mwiba, anawakumbusha watu wote waliosimama pale jinsi alivyouteka mji wao peke yake, na ghadhabu hiyo ndiyo inayompa Aufidius nafasi ya kumwua. Mtu anakufa kwa kutovumilia neno la herufi tatu. Ona kwamba tusi hilo lina ncha mbili kwa wakati mmoja: wewe ni mtoto wa mama, na wewe ni wa kutumwa. Jibu la Coriolanus linaonyesha kwamba alizisikia zote mbili.

Shakespeare huyo huyo, katika tamthilia ya Antony na Cleopatra, analifanya neno hilo kitenzi. Cleopatra anahofia kwamba akipelekwa Roma ataigizwa jukwaani na kijana wa kiume mwenye sauti nyembamba, na wakati ule jukwaani kweli wanawake waliigizwa na wavulana. Kwake kuigizwa hivyo ni "kufanywa boy". Huyo ni malkia. Kwa hiyo tangu wakati huo neno lilikwisha kuwa kipimo: mtu yeyote mkubwa anaweza kupunguzwa kwa kulipitia.

Waingereza walipoanza kusafiri wakalibeba. Kamusi yao ya maneno ya Uhindi, Hobson-Jobson, iliyochapwa mwaka 1886, inaeleza kwamba Uhindi ya Kusini na Uchina mtumishi wa nyumbani aliitwa "boy", na inaongeza kwamba huko Uhindi neno lilichanganyikana na jina la tabaka la wachukuzi wa machela, "boyi". Yaani lilikuta neno la kienyeji linalofanana nalo kwa sauti na kwa hali, likapata makao. Katika Karibea na Marekani liliwekwa juu ya mtumwa Mwafrika, mtu mzima, hadi nywele zianze kuwa nyeupe ndipo abadilishiwe aitwe mjomba. Kutoka utoto hadi uzee bila kupita utu uzima. Hapo ndipo neno lilipopata maana ambayo hata Aufidius hakuwa nayo. Coriolanus aliitwa hivyo siku moja kwenye ugomvi. Hawa waliitwa hivyo kila siku bila ugomvi wowote.

Pwani yetu na bara yake lilifika tayari limeiva. Hata Wajerumani, wenye lugha yao nzima, waliliandika "Boy" katika vitabu vyao kuhusu Afrika Mashariki. Nyumba ya mkoloni ikawa na watu watatu wa lugha: bwana, memsabu na boi. Tazama walikotoka. "Bwana" ni letu. Waingereza walilichukua na limo katika kamusi zao. "Memsabu" lilikuja na meli kutoka Uhindi. "Boi" ni lao, tukapewa sisi. Ndiyo biashara hiyo: wao walichukua neno letu la heshima wakajiita, wakatupa lao la utumishi tuitwe. Na Kiswahili, lugha isiyobagua, ikawaweka wote wawili katika umbo moja la wingi. Mabwana, maboi. Kisarufi ni ndugu wa tumbo moja.

Na mtoto halisi, yule mdogo wa kweli aliyetumwa kuleta kuni jikoni, yeye aliitwaje? Masetla wa Kenya walimwita "toto". Walichukua "mtoto" wetu wakamkata kichwa. Filamu ya Harry Hook ya mwaka 1987 kuhusu Kenya ya mwaka 1950 inaitwa The Kitchen Toto, toto wa jikoni. Kwa hiyo neno la Kiingereza la mtoto walimpa mtu mzima, na mtoto wakamwazimia neno la Kiswahili kwa kuwa lao lilikwisha kutumika! Lugha waliyoiongea na watu hao, Kisetla, karibu yote ilikuwa amri. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha kujifunzia Kiswahili cha bara, na jina lake lilitaja wazi kimekusudiwa nani: askari, setla, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Boi hakuwa na haja ya kitabu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Kiswahili kilipolitohoa neno hili hakikuchukua utoto wake hata kidogo. Hakuna Mswahili anayesema amezaa boi. Hakuna mama anayemwita mwanawe wa kiume boi akimaanisha umri. Tulichukua utumishi peke yake, yaani, bila kujua, tulichukua ile maana kongwe ya mwaka 1300 tukawaachia wenyewe maana iliyokuja baadaye. Wapo wanaoona hapo upungufu wa utohozi, eti tulisikia vibaya. Mimi naona tulisikia vizuri mno. Mwingereza akisema "boy" angeweza kujitetea kwamba anamaanisha kijana wangu, mwanangu, kwa mapenzi. Kiswahili kikaliondolea neno kisingizio hicho. Tukabaki na kazi, na hadhi ya kazi. Tukaongeza na uboi, ambao Mwingereza hana: kwake "boyhood" ni siku za kucheza mpira wa matambara; kwetu uboi ni kufua mashuka ya watu.

Tena likazaa. Hausiboi, shamba boi, taniboi wa lori (ingawa utingo ni zuri zaidi), spana boi wa gereji, bichi boi wa Mombasa. Karibu wote hao ni wasaidizi wa mtu mwingine, au wanapotazamwa na mtu mwingine ni wa kutumwa. Tunayo na maneno yetu ya zamani ya namna hiyo, tusijitie usafi. Mtumwa ni mtu aliyetumwa tu, ukilifumua. Mtwana na kijakazi tunawajua. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad, Shafi Adam Shafi alimpa mhusika mmoja jina la Kijakazi, na ukisoma riwaya nzima unakuta hadhi yake na jina lake vimekuwa kitu kimoja. Hatukuwa watoto wachanga wa lugha ya utumishi kabla ya Mwingereza kuja.

Lakini waliofanya kazi hiyo walijiitaje? Dar es Salaam katika miaka ya 1940 watumishi wa majumbani walikuwa na chama chao, na jina lake kwa Kiingereza lilikuwa la wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani wa Kiafrika. Hakuna "boy" ndani yake. Jina ni refu, linachosha kulitamka, lakini kila mtu amo kwa kazi yake. Babu yangu mzaa mama, aliyewahi kufanya kazi kwa meneja wa shamba la mkonge mkoani Tanga, hakuwahi hata siku moja kusema alikuwa boi. Alisema alikuwa mpishi. Majirani ndio waliosema boi. Alikuwa na barua ya sifa ya mwaka 1961, imekunjwa mara nne, na nilipokuwa kidato cha pili alinitaka nimsomee kwa Kiswahili. Barua ilimsifu kuwa ni "boy" mzuri na mwaminifu. Wakati inaandikwa alikuwa na miaka zaidi ya thelathini na watoto wanne. Nikasoma: mpishi hodari na mwaminifu. Wenzangu wa kozi ya tafsiri wameniambia hiyo si tafsiri ni ukarabati. Nami nawajibu kwamba mwandishi alitaka kumsaidia mtu apate kazi ya upishi kwingine, na aliyesikiliza alikuwa ndiye mpishi. Dhima ya matini imetimia.

Linganisha na mji wa Tabora. Shule ya Serikali ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925 ikiwalenga watoto wa machifu, na Julius Nyerere aliingia hapo mwaka 1937. Waliosoma pale, na wanaosoma leo, husema "Tabora Boys" kwa kifua mbele. Katika mji huo huo wakati ule walikuwamo maboi wa maofisa. Neno moja, barabara moja, pengine ndugu wawili wa nyumba moja. Mmoja alikuwa "boy" wa muda, wa kupita, anayetarajiwa kuwa mtu. Mwingine wa kudumu. Timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17 inaitwa Serengeti Boys na hakuna anayekereka, kwa sababu kila mtu anajua watakua. Hapo ndipo tofauti ilipo. Neno halina shida na anayeruhusiwa kukua.

Hilo Oyono alilijua. Une vie de boy ilitoka mwaka 1956, na jina lake lina neno la Kiingereza ndani ya Kifaransa, kwa maana Wafaransa nao walilikopa kwa kazi hiyo hiyo. Kiingereza ikaitwa Houseboy, Kiswahili ikaitwa Boi. Nimesikia mhadhara uliodai kwamba jina la Kiswahili ni uvivu wa mfasiri. Mimi nasema ndilo bora kuliko yote matatu. Toundi anatoroka kwa baba yake usiku wa kuamkia siku ya kutahiriwa kijadi, yaani anakimbia mlango ule ambao mvulana wa kwao anaupita kuwa mwanamume, anakwenda misheni kwa Padri Gilbert, na kutoka hapo anakuwa boi wa Komandanti. Anajivunia. Kisha anaona yasiyopaswa kuonwa, uzinzi wa mke wa Komandanti, na kosa lake kubwa ni kwamba ana macho ya mtu mzima ndani ya nyumba iliyomtaka awe boi. Anapigwa, anakimbia, anafia Guinea ya Wahispania. "Houseboy" ya Kiingereza inataja kazi tu. "Boi" ya Kiswahili, pamoja na kwamba haina utoto ndani yake, inamwita kama alivyoitwa.

Huko Marekani mambo yaliendelea hadi mahakamani. Wafanyakazi wawili weusi wa kiwanda cha kuku Alabama walinyimwa cheo, wakadai ni ubaguzi, na mojawapo ya ushahidi wao ni kwamba meneja mzungu alikuwa akiwaita "boy". Mahakama ya rufani ikasema neno hilo peke yake, lisipotanguliwa na neno la rangi, si ushahidi wa ubaguzi. Mwaka 2006, katika kesi ya Ash dhidi ya Tyson Foods, Mahakama Kuu ya Marekani ikaikosoa: maana ya msemaji hutegemea muktadha, mkazo, toni ya sauti, desturi ya mahali na historia ya matumizi. Jamani, majaji wametoa mhadhara wa isimu-jamii! Nasi huku bado tunabishana kama maana imo katika neno au katika msemaji. Weusi wenyewe wakati huo walikwisha lichukua wakaligeuza. Filamu ya John Singleton ya mwaka 1991, Boyz n the Hood, hata tahajia imeibadilisha, kama mtu anayeweka alama kwenye mali yake iliyorudi.

Hapa kwetu mgeuko huo haujatokea. Kilichogeuka ni "bwana". Baada ya uhuru limeshuka hadi kuwa la kila mtu, sikiliza bwana, acha bwana, na enzi za ndugu likapoteza hata ule ubwana uliokuwa umebaki. "Boi" limebaki pale pale. Sikiliza watu wakigombana kituo cha daladala: mimi si boi wako, bwana! Bwana amekuwa mwenzako. Boi hakuna anayekubali kuwa. Na kwa wanawake wa kazi tumetunga beki tatu, kwa mzaha, tukasahau kwamba beki tatu naye ana jina. Humu humu kwenye mabweni nimesikia mwenzangu wa mwaka wa pili akimwita mzee anayefagia korido "boi". Alikuwa ametoka kuandika insha juu ya Fanon.

Limebaki suala la tafsiri, na nadhani wenzangu mtanipinga. Kwa Coriolanus, "mvulana" halifai, ni la adabu mno. "Boi" litampeleka jikoni. Mimi ningemweka "kitoto", maana ngeli ya ki- inafanya kwa Kiswahili kile ambacho Aufidius alikifanya kwa sauti. Kwa Toundi, boi. Kazi ngumu ni Memphis. Tarehe 1 Februari 1968 wazoa taka wawili weusi walisagwa na mashine ya gari lao la taka, na wenzao wapatao 1,300 wakagoma. Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono na aliuawa huko huko tarehe 4 Aprili. Mabango waliyovaa vifuani yalisema kwa Kiingereza kwamba mimi ni "man". Vitabu vichache vya Kiswahili nilivyoviona vinaandika "mimi ni mwanamume", kana kwamba kuna aliyebisha jinsia yao. "Mimi ni mtu" ni bora, lakini linajibu tusi la kuitwa mnyama, na hawa tusi lao lilikuwa jingine. Ningeandika: mimi ni mtu mzima.